Wageni wa Tanga Msibani Kengeja

Jamani, mmenichosha. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni ananishika mkono: "Zuhura, ni kweli meli ilikuacha Pemba?" Mmoja kasikia nilizimia. Mwingine kasikia nilizuia watu wasizike, na huyo ndiye aliye karibu na ukweli. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nipumue.

Safari ilivyopatikana, nani alitoa tiketi, makaratasi gani tulijaza, hayo nayaruka. Mjue tu tulikuwa watatu: mimi, mama yangu mzazi, na wifi yangu Saumu, dada wa mume wangu, ambaye mdomo wake mnaujua. Tulipandia Mombasa, meli ya utalii, jumba zima linaelea. Ilikuwa ipite Pemba kutwa moja, kisha jioni ishike njia ya Ngazija, huko Komoro.

Kushuka Mkoani

Meli ilitia nanga mbali na bandari, abiria wakawa wanashushwa kwa boti ndogo. Mama alichungulia ngazi inavyoning'inia, akachungulia boti inavyorukaruka chini yake, akarudi kukaa. "Nendeni nyie," akasema. "Mimi pwani nimezaliwa nayo, haina jipya."

Nikataka kubaki naye. Akanifukuza. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshaanza kwenda mbio pale pale. Mama ni mtu mzima sana, ana presha, na zaidi ya Kiswahili na Kidigo chake hajui lugha nyingine duniani. Mle melini hakuwa akitia chakula kinywani mpaka mimi nimuulize mpishi kimepikwa na nini. Simu aliiacha nyumbani, ati baharini atampigia nani. Nikamweka kwenye kiti karibu na dirisha, nikamwachia chupa ya chai na tasbihi yake, nikambusu mkono.

Pale ngazini kulikuwa na ofisa aliyevaa nguo nyeupe. Akatuambia boti ya mwisho ya kurudi inaondoka bandarini saa kumi alasiri, na meli haimngoji mtu. Akarudia mara ya pili akimtazama Saumu. Mnanijua mwenzenu: mimi ni mtu wa kufunga mlango, nikafika njiani, nikarudi kuusukuma nione kama umefungika kweli. Maneno ya yule bwana yalinikaa kifuani kutwa nzima.

Wenzetu wengine walipanda basi na mtu wa kuwatembeza. Saumu akakataa. "Sisi watu wa Tanga tuongozwe kwenda pwani? Si aibu hiyo? Tutajitafutia wenyewe."

Mkoani hadi Kengeja

Tukapata gari la abiria, lile la bodi ya mbao lenye mabenchi ubavuni, linakwenda Kengeja. Dereva wake akiitwa Kombo, mtu mpole, wa makamo yetu. Tukaelewana naye: atushushe karibu na pwani, aendelee na shughuli zake, kisha saa nane aje atuchukue aturudishe bandarini.

"Saa nane kweli?" nikamuuliza.

"Saa nane, bibie. Inshallah."

Ile inshallah yake ikanitia wasiwasi mwingine. Saumu akanicheka. "Wifi, sasa unamwogopa mpaka Mungu?"

Gari lilikwenda polepole. Si kwa ubovu, ni kwa salamu. Kila tulipomkuta mtu njiani Kombo alipunguza mwendo, na salamu za Wapemba si za kurushiana kama zetu. Aliulizwa hali, akauliza hali, akauliza ya wazee, ya watoto, na ya ng'ombe aliyekuwa mgonjwa juzi. Mimi nikiitazama saa yangu, Saumu akifurahi kama yuko harusini.

"Mwatoka wapi?" akauliza mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja.

"Tanga," tukasema.

Lahaula! Gari zima likageuka. Huyu ana shangazi Tanga, yule kasomea Tanga, mwingine binti yake kaolewa huko. Wakatutajia mitaa yetu kutushinda sisi. Tulipofika tulikuwa tumeshapewa mkungu wa ndizi za kupika na salamu za watu tusiowajua, tuzipeleke kwa watu tusiowajua.

Pwani

Tulipita katikati ya migomba na mihogo, njia nyembamba ya udongo mwekundu, mpaka tukatokea. Nisiwaongopee, ilikuwa pwani nzuri. Maji yalikuwa yametoka, mchanga mweupe umeenda mpaka mbali, na mikoko imeukumbatia upande mmoja. Hakuna kiti wala mwavuli, hakuna muziki. Walikuwapo kina mama tu, wameinama mbali kule, wakifunga mwani kwenye kamba.

Tukavua viatu, tukatembea. Tukaenda mpaka kwenye mawe, tukarudi, tukaenda tena. Mama mmoja akaacha kazi yake, akatufuata na ndoo mkononi.

"Mwatafutani, wanangu?"

"Hatutafuti kitu, mama. Tunatembea tu."

"Mmepotelewa? Semeni tuwasaidie, maji yakijaa hamtakiona tena."

"Hatukupotelewa. Tumekuja kuiangalia pwani."

Akatutazama sisi, akaitazama pwani, akatutazama tena. "Ikoje?" akauliza.

Saumu alicheka mpaka akakaa kwenye maji na nguo zake. Yule mama naye akacheka, lakini nadhani hakuamini. Nilimwona akirudi kwa wenzake huku akikagua mchanga tulipopita.

Baadaye walituita, tukala nao. Muhogo wa kuchemsha na pweza wa nazi, vimebebwa kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Pweza laini ajabu, nazi nzito. Chakula kizuri kama kile ningekila kwa raha siku nyingine. Siku ile kila tonge nikaliuliza saa ngapi. Toka pale meli haionekani, maana rasi imeziba, na mimi kitu nisichokiona huwa nakihesabu kimeondoka. Nikawa namwona Mama amekaa kwenye kile kiti, chai imepoa, watu wanamsemesha kwa lugha za kwao naye anawaitikia "ahsante" kwa kila kitu.

Saa nane ikafika. Kombo hakuja. Tukapanda mpaka barabarani, tukasimama. Hakuna gari, hakuna baiskeli, hata mbuzi. Nikaanza kuzunguka.

"Kaa chini, wifi, unanitia kizunguzungu," Saumu akasema, lakini naye alikuwa ameacha kutania.

Msibani

Gari lilipotokea nilishukuru kwa sauti. Kombo alikuwa amevaa kanzu na kofia. Nyuma mlikuwa na wanaume kimya kimya, nao wamevaa hivyo hivyo.

"Mnisamehe," akasema, macho mekundu. "Bi Mize kafariki asubuhi, mie niko njiani. Jirani yangu, ndiye aliyenilea. Nikishamzika nawapeleka, wallahi nawapeleka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mazishi saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kila kitu tayari. Wanangojwa wa Tanga tu. Wakifika, anatoka."

Saumu akauliza kama kuna gari lingine la kutufikisha Mkoani. Kombo akamshangaa. "Magari yote ya hapa yako msibani, bibie. Leo nani atapakia abiria?" Na alisema kweli. Tulipofika tuliyaona, yamepangana chini ya minazi, madereva wake wote wamekaa mikekani.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mambo yalipopinda. Tuliposhuka, mtu mmoja alimjia Kombo. Kombo akatuonyesha kwa mkono: "Nina wageni hawa wa Tanga, wapelekeni ndani kwa wanawake." Yule mtu akageuka kwa wenzake akasema, "Wa Tanga hao." Wanaume wote wakainamisha macho. Msibani mwanamume hamkazii macho mwanamke, na sisi tulikuwa tumeshusha mitandio mpaka kwenye nyusi. Nilisikia maneno yale, nikapita. Akili yangu ilikuwa kwenye saa.

Ndani wanawake walikuwa wamejaa, maiti amelazwa, ameshakoshwa na kuvikwa sanda, uso tu uko wazi. Hukai nyumba kama ile macho makavu. Nikalia. Kwanza nilimlilia Mama yangu, nasema kweli, kisha nikamlilia na Bi Mize, maana alikuwa na uso mtulivu, wa mtu ambaye ungependa kuketi naye.

Bibi mmoja mnene akanikumbatia. Alikuwa Bi Asha, mdogo wa marehemu. "Riziki mmemwacha wapi?" akaninong'oneza.

"Riziki gani, bibi?"

"Riziki wa marehemu. Si mmetoka naye Tanga?"

"La, bibi. Sisi ni wapita njia, tumekuja na Kombo."

Akaniambia Riziki ndiye mtoto pekee wa Bi Mize, kaolewa Tanga, na asubuhi alipopata habari alikimbilia boti. Simu yake haipatikani tangu boti iingie baharini. "Tunamngoja amuone mamaake uso," akasema. "Akishawekwa ndani ya ardhi, basi."

Nikampa pole. Moyoni nikapiga hesabu. Wakimngoja Riziki, Kombo hatoki hapa. Kombo asipotoka, Mama anakwenda Ngazija peke yake. Wakatuletea sahani ya wali kutoka nyumba ya jirani, nikaisukuma mbele ya Saumu.

Basi tukiwa hapo, binti mmoja akaingia mbio. "Wanaume wanasema tayari. Wanakuja kumchukua."

Kilio kikapanda. Bi Asha akafuta uso. "Ndiyo hivyo. Wamechoka kungoja. Wamesema wakubwa, sisi tutasemaje?"

Palepale nikaelewa. Wanaume hawakuchoka kungoja. Wanaume walikuwa wanadhani Riziki ni mmoja wetu, ameshafika, yuko ndani na wanawake, analia kwa mamaake. Na wanawake wanajua wanaume wameamua. Kule nje hakuna aliyeuliza, huku ndani hakuna aliyebisha. Katika nyumba ile yote, waliosikia maneno ya pande zote mbili tulikuwa sisi wawili.

Saumu alikwishaelewa. Akanishika goti kwa nguvu. "Wifi, nyamaza."

"Saumu, wanadhani..."

"Najua wanadhani nini. Saa tisa imeshapita. Wakizika sasa hivi, tunaiwahi boti. Mamako yuko peke yake kule. Sisi hatukumdanganya mtu, tumekaa tu."

Na kweli hatukumdanganya mtu. Nikanyamaza. Nasema wazi, nilinyamaza, na nikaona raha. Nilijiambia Mungu amenifungulia njia, nani mimi niifunge? Wanaume wakaingia na jeneza huku wakinong'ona dua. Wanawake wakasogea. Bi Asha akainama kufunika ule uso, na kabla hajafunika akasema taratibu, kama anayemwambia mtu aliyelala, "Mize, msamehe mwanao. Ni njia tu iliyomchelewesha."

Sijui niliinukaje. Jeneza lilikuwa limeshavuka kizingiti, liko mabegani, wanalipokezana kuelekea msikitini. Mwanamke hafuati jeneza, hilo nalijua tangu mtoto. Nikatoka nalo hivyo hivyo, miguu mitupu, Saumu akinivuta mtandio nyuma mpaka ukambaki mkononi.

"Wazee wangu, msiende! Riziki hajafika!"

Jeneza likasimama. Mzee aliyekuwa mbele, Mzee Faki, kaka yake marehemu, akageuka. Alikuwa amekasirika, na haki yake. "Na wewe nani? Si tumeambiwa Riziki ameshaingia ndani?"

"Mimi Zuhura, baba. Natoka Tanga lakini si wenu. Ni mpita njia. Riziki bado yuko njiani."

Nikaona Kombo anajipiga paji la uso; naye alidhani Riziki kafika wakati yeye yuko pwani kutuchukua. Watu wakaanza kuulizana. Mzee Faki akafumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasoma istighfari. Kisha akasema, "Mrudisheni ndani."

Wakamrudisha. Nilisikia wanawake ndani wanavyopokea, sauti ya Bi Asha juu ya zote. Nami nikakaa chini pale pale, kichwa mchangani, maana nilijua nimeiachilia meli. Nililia bila haya, mbele za wanaume.

"Mbona walia sasa?" Mzee Faki akauliza. "Umefanya vyema."

Ndipo maneno yakanitoka yote, meli, saa kumi, Mama, lugha, Ngazija. Alisikiliza mpaka mwisho, akaja juu. "Na muda wote huu umekaa ndani na shida kama hiyo, husemi? Nani kakwambia sisi tunafunga watu msibani? Mgeni akiwa na dharura huaga, akaenda zake! Kombo!"

"Naam."

"Washa gari. Wapeleke hawa bandarini, na Riziki akiwa kafika uje naye."

"Na mazishi, mzee?"

"Tutazika nani bila Riziki? Nenda!"

Kurudi Mkoani

Gari lile la salamu, siku hiyo halikumsalimia mtu. Kombo aliendesha huku anajifuta macho kwa mkono wa kanzu, mkungu wetu wa ndizi ukiruka huku na huku. Saumu hakusema neno, mnaweza kuamini hilo? Mpaka tulipoanza kuteremka kuelekea bandarini ndipo akanirudishia mtandio wangu. "Jifunike," akasema. "Mama asikuone hivyo."

Meli ilikuwepo bado. Ilipiga honi. Chini kwenye ngazi za gati niliona boti ndogo ya mwisho, na baharia anatupungia mikono yote miwili. Saumu akakimbia mbele na vidole vyake vimeshika viatu.

Nami nikataka kukimbia. Lakini pale langoni alikuwepo mwanamke wa baibui, begi liko miguuni, anamshika kila dereva anayepita. "Kengeja, kaka? Kengeja?" Wote wanatikisa vichwa. Gari la Kengeja lingetoka wapi, na yote yako kwa mamaake?

Kombo alishuka. Yule mwanamke akamwona, akaiona ile kanzu, mkono ukamwenda mdomoni.

"Kombo. Mushamzika?"

Kombo alifungua kinywa ajibu. Alilia tu. Na yeye akaona kule kulia ndilo jibu, nikamwona anaanguka.

Nikamdaka. "Bado, dada," nikamwambia. "Hawajamzika. Yuko nyumbani, wamelaza jeneza wanakungoja wewe."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nimetoka huko sasa hivi, nimemwona kwa macho yangu."

Akaniangukia shingoni kwa uzito wake wote. Nyuma yangu Saumu alikuwa na mguu mmoja ndani ya boti na mwingine ngazini, anamtukana yule baharia kwa Kiswahili cha Tanga chote alichonacho ili asing'oe kamba, na yule kijana wa watu haelewi hata neno. Sikumwondoa Riziki mikono. Nilingoja mpaka akasimama mwenyewe, nikampandisha kiti cha mbele, nikamwekea begi mapajani, nikafunga mlango. Hakuniuliza jina. Kombo akageuza gari, nami nikakimbia.

Melini

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, baibui amevaa, viatu amevaa, mkoba mapajani. Tasbihi ilikuwa inakwenda mbio mkononi.

"Nimewaambia hawa watu," akasema, "kama mwanangu hajarudi, na mimi nashuka. Ile ngazi yao siiogopi."

"Wakakwambiaje?"

"Wakaniletea chai."

Nikajaribu kucheka, kikatoka kilio. Nikaanguka sakafuni mbele yake, mwanamke mzima, mwenye wajukuu, uso wangu kwenye magoti yake. Mashine za meli zikaanza kunguruma chini yetu. Alinishika kichwa, akakuta mchanga kwenye nywele.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Mama wa mtu."

Akasoma inna lillahi. Mkono wake ulikuwa bado kichwani kwangu.

"Na mwanawe, atamuwahi?"

"Atamuwahi, Mama. Wanamngoja."

"Alhamdulillahi," akasema, na ndipo akaanza kuvua viatu.